Damu ya Mlimani na Hewa Nyembamba

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa ukoo, Dallas–Fort Worth

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa ukoo, akina mama na akina baba, ndugu zetu mliotoka Houston alfajiri kwa barabara ya I-45, nanyi vijana wetu mliozaliwa na kukulia huku:

Kamati ya maandalizi imeniomba nizungumze kwa muda mfupi juu ya safari ya vijana ya kupanda Mlima Kilimanjaro, jambo ambalo limewekwa katika ajenda yetu ya mchana chini ya kichwa cha "Mengineyo". Kwa maoni yangu jambo hili halistahili kukaa chini ya "Mengineyo", kwa kuwa linahusu uhai wa watoto wetu. Mimi si daktari. Nilitumika serikalini miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kusoma majalada mazito na kuwaeleza wakubwa wangu yaliyomo kwa lugha nyepesi. Hivyo ndivyo nitakavyofanya leo.

Mapendekezo yaliyo mbele yetu ni mawili. La kwanza ni safari ya siku 5 kwa njia ya Marangu, ambayo gharama yake ni nafuu. La pili ni safari ya siku 6 kwa njia hiyo hiyo, yenye siku moja ya ziada ya kupumzika pale Horombo, na gharama yake imezidi. Katika mazungumzo ya chini chini nimesikia hoja moja ikirudiwa na wanaopenda pendekezo la kwanza. Wanasema: sisi ni watu wa mlima, damu yetu ni ya Kilimanjaro, siku ya ziada ni kwa ajili ya watalii. Ni hoja tamu masikioni. Lakini naomba tuitazame kwa makini, maana mwili hausomi orodha ya ukoo kabla ya kuugua.

Tuanze na hewa yenyewe. Wengi hudhani kwamba juu ya Kibo oksijeni imebadilika. La hasha. Hewa ya Kibo ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, sawasawa na hewa ya ufukweni Galveston. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kwa hiyo kila pumzi uivutayo inakupa karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea.

Nasi tumezoea nini? Houston iko mita chache tu juu ya bahari. Dallas iko kwenye mita 130 hivi, na Fort Worth kama mita 200. Kilele kirefu kuliko vyote katika jimbo zima la Texas, Guadalupe Peak, kina mita 2,667. Maana yake ni kwamba mtu akisimama juu ya Texas yote bado hajafika kwenye vibanda vya Mandara, ambavyo ni kituo cha kwanza tu cha kulala katika njia ya Marangu. Hata vihamba vya wazee wetu kule nyumbani, vingi viko kati ya mita 1,000 na 1,800. Babu zetu waliishi chini ya mlima na kuutazama. Hawakuishi kwenye barafu.

Wako watu duniani ambao miili yao imebadilika kwa kukaa juu sana kwa maelfu ya miaka: Watibeti, wenyeji wa milima ya Andes, na Waethiopia wa milima ya Simien. Watibeti wengi wamerithi umbo la pekee la kinasaba kinachosimamia mwitikio wa mwili kwa upungufu wa oksijeni, jambo lililotangazwa na wanasayansi mwaka 2010. Sisi hatumo katika orodha hiyo. Waongoza watalii na wapagazi wa kwetu wanapanda vizuri kwa sababu wanapanda mara kwa mara, na hata miongoni mwao wako wanaougua. Sifa ya Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyekuwa katika msafara wa Hans Meyer mwaka 1889, ni sifa ya mtu aliyeujua mlima. Kuujua mlima ni elimu, wala elimu hairithiwi kwa damu.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niingie katika kiini cha maelezo yangu, yaani namna mwili unavyopokea habari kwamba oksijeni imepungua.

Katika pande mbili za shingo, pale mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani unapogawanyika, kuna vinundu viwili, kila kimoja kama punje ya mchele. Hivi ndivyo walinzi wa oksijeni. Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha jinsi vipimaji vya namna hii vilivyo katika mishipa ya damu vinavyoongoza upumuaji. Oksijeni ya damu ikishuka, vinundu hivi hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hutoa amri mbili kwa pamoja. Amri ya kwanza ni kupumua kwa kasi na kwa kina zaidi. Amri ya pili huenda kwenye neva za hadhari na kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo humwaga homoni za hadhari katika damu.

Homoni hizo ni tatu ambazo ningependa mzikumbuke. Ya kwanza ni adrenalini, ambayo ndiyo inayofanya moyo uende mbio mtu anapokutana na nyoka njiani. Ya pili ni noradrenalini, ndugu yake, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ncha za neva zenyewe, nayo hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo. Ya tatu ni kotisoli, ambayo huongeza sukari katika damu ili viungo vipate nguvu, na hutuliza uvimbe mwilini.

Wanasayansi wamezipima homoni hizi kwa miaka mingi, na mahali pamoja walipopatumia sana hapako mbali na sisi. Ni Pikes Peak, huko Colorado, wenye mita 4,302, mlima ambao baadhi yenu mmeufikia kileleni kwa gari wakati wa likizo. Tangu mwaka 1911, Waingereza na Wamarekani, akiwamo J. S. Haldane, walikaa kileleni pale wiki 5 wakichunguza pumzi na damu. Mwenzao Mabel FitzGerald alizunguka miji ya machimbo ya Colorado akiwapima wakazi wake. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipeleka vijana wenye afya kutoka pwani hadi kilele kile kile na kuwapima homoni siku kwa siku. Waliona kwamba adrenalini hupanda mapema, hasa mtu anapofanya kazi ya nguvu, kisha hupungua kadiri mwili unavyozoea. Noradrenalini haifanyi hivyo. Yenyewe huendelea kupanda kwa siku kadhaa, na hubaki juu mtu akiendelea kukaa kule. Kotisoli nayo huelekea kupanda kadiri mwinuko unavyozidi, na zaidi kwa mtu anayejitumikisha sana au aliyekwisha kuanza kuugua.

Hapa nawaomba watumishi wa serikali wenzangu mnielewe kwa haraka. Katika kila bajeti kuna fungu la dharura. Mafuriko yakija, fungu hilo hufunguliwa usiku huo huo bila kusubiri kikao. Lakini hakuna serikali inayoweza kuendesha mwaka mzima kwa fungu la dharura. Lazima bajeti ya kawaida ipitishwe, na bajeti ya kawaida huchukua muda. Homoni za hadhari ni fungu la dharura la mwili. Ndizo zinazomfanya kijana atembee vizuri siku ya kwanza na ya pili na kujiona shujaa. Moyo unadunda kwa kasi, sukari iko juu, akili imechangamka, naye hudhani ameushinda mlima. Kumbe anatumia akiba.

Bajeti ya kawaida ya mwili huandaliwa wapi? Kwa sehemu kubwa huandaliwa kwenye figo. Mtu anapopumua kwa kasi, damu yake hupoteza hewa ya kaboni, ikapungua uchachu, na ubongo ukaona hatari ya namna nyingine. Basi huanza kuifunga breki pumzi ile iliyokuwa ikimwokoa. Figo huhitaji siku kadhaa kurekebisha uwiano huo kwa njia ya mkojo, na hapo breki hulegea. Ndiyo maana usiku wa kwanza na wa pili mtu hulala kwa taabu, pumzi yake husita kwa sekunde kadhaa, kisha hurudi kwa kishindo. Mwenzake wa kibandani huogopa, lakini kwa kawaida ni figo tu ambazo hazijamaliza kazi.

Vile vile figo hupunguza maji ya mwili. Kwa mtu anayezoea vizuri, homoni iitwayo aldosteroni, ambayo huzuia chumvi na maji mwilini, hushuka, naye hukojoa mara nyingi. Vijana, msiilaumu safari ya chooni usiku wa baridi. Ni habari njema. Wanaougua mara nyingi ni wale ambao miili yao inazuia maji, nyuso zikavimba asubuhi.

Tena ni figo hizo hizo zinazotoa homoni ya erithropoietini, inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Namna chembe za mwili zinavyotambua upungufu wa oksijeni na kutoa amri kama hiyo ndiyo iliyowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Homoni hiyo hupanda ndani ya saa chache, lakini damu mpya huhitaji wiki. Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitolewa na wataalamu wa hapa hapa Dallas, Benjamin Levine na James Stray-Gundersen. Mwaka 1997 walichapisha utafiti wao juu ya wakimbiaji 39. Waliokaa wiki 4 kwenye mwinuko wa mita 2,500 na kushuka mita 1,250 kufanya mazoezi, waliongeza chembe nyekundu na wakaboresha muda wao wa mita 5,000. Zingatieni: wiki 4. Sisi tunabishania siku 1.

Nao moyo hauvumilii amri za dharura bila mwisho. Baada ya siku kadhaa za kusikia noradrenalini ikipiga kelele, moyo hupunguza kusikiliza. Mapigo ya juu kabisa ambayo kijana angeweza kuyafikia Houston hawezi kuyafikia tena kule juu, hata akijilazimisha vipi. Kwa hiyo ushauri wa kujikaza unafika mahali hauna maana. Vijana wenye mazoezi mazuri ya mpira na riadha ndio ninaowahofia zaidi, maana nguvu za misuli haziwakingi na maradhi ya mwinuko. Huwawezesha tu kuyafikia mapema.

Mnakumbuka Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, katika mwinuko wa mita 2,240. Wakenya Kipchoge Keino na Naftali Temu na Mwethiopia Mamo Wolde walirudi na dhahabu. Lakini John Stephen Akhwari wetu, mwana wa Mbulu, nyanda za juu kabisa, alibanwa na misuli katika mbio za marathoni, akaanguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho akiwa amefungwa bendeji. Tunamheshimu hadi leo. Lakini ukweli wa mwili ni huu: hata mzaliwa wa nyanda za juu anaweza kukwama hewa ikiwa nyembamba.

Ndugu Mwenyekiti, tuilinganishe sasa safari ya siku 5 na elimu hii. Waganga wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kutoka mahali ulipolala jana hadi utakapolala leo, na kila baada ya siku 3 au 4 upumzike siku moja. Njia ya Marangu inalala Mandara kwenye mita 2,700 hivi, kisha Horombo mita 3,700, kisha Kibo mita 4,700. Kila siku ni mita 1,000. Halafu usiku wa manane mtu huamshwa kupanda mita 1,200 nyingine katika baridi kali. Kwa siku 5, mwili unaendeshwa karibu wote kwa fungu la dharura. Siku ya ziada pale Horombo haitimizi kanuni yote, lakini inazipa figo saa 24 za kufanya kazi yake. Utafiti wa vifo vya watalii katika Kilimanjaro kati ya mwaka 1996 na 2003 ulihesabu vifo 25, na 14 kati ya hivyo vilisababishwa na maradhi ya mwinuko. Wengi wanaopanda hurudi salama, namshukuru Mungu. Lakini nani kati yetu atampigia simu mama kumweleza kwamba tuliokoa gharama ya siku moja?

Kuna jambo jingine ambalo familia zetu hulisema kwa kunong'ona, nami nitalisema wazi. Ni selimundu. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa, na anaweza kuishi miaka 80 bila kujua. Lakini oksijeni ikishuka sana huku mwili ukitumikishwa, chembe zake nyekundu zinaweza kupinda na kuziba mishipa ya bandama. Ninyi wapenzi wa mpira wa Kimarekani mnamjua Ryan Clark, aliyekuwa mchezaji wa Pittsburgh Steelers. Alicheza Denver, mita 1,600 tu, mwaka 2007, akapata maumivu makali, na hatimaye akaondolewa bandama na kibofu cha nyongo. Januari 2012 timu yake iliporudi Denver kwa mchezo wa mtoano, kocha Mike Tomlin hakumruhusu kucheza. Tangu mwaka 2006 majimbo yote ya Marekani huwapima watoto wachanga, kwa hiyo majibu ya vijana wengi yapo. Waliozaliwa kabla ya hapo au nyumbani huenda hawajapimwa kamwe. Kupima si aibu wala si kutafuta mchawi katika ndoa ya mtu.

Kwa wazee wenzangu mtakaowasindikiza vijana, nanyi mwili hautawasahau. Noradrenalini hupandisha shinikizo la damu, na kotisoli pamoja na adrenalini huvuruga sukari. Mwenye presha au kisukari asibadilishe dawa kwa kuiga jirani; amwone daktari wake wiki kadhaa kabla. Hata ndani ya ndege hewa huweza kuwa kama ya mwinuko wa mita 2,400, na safari yetu ya kwenda nyumbani huchukua zaidi ya nusu ya siku. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu aulize mapema.

Juu ya dawa, nitasema kwa ufupi. Ipo asetazolamaidi, ijulikanayo kwa jina la Diamox, ambayo huharakisha ile kazi ya figo niliyoieleza. Ipo pia deksamethasoni, ambayo ni kama kotisoli ya kutengenezwa, yenye nguvu nyingi zaidi. Hii huweza kuokoa maisha ya mtu ambaye ubongo wake umeanza kuvimba, lakini hutolewa ili ashuke. Anayeimeza ili apate nguvu ya kuendelea kupanda anaongeza fungu la dharura juu ya fungu la dharura. Zote mbili zitolewe na daktari, na mwenye kudhurika na dawa za salfa aseme.

Kwa hayo, naomba mkutano uazimie mambo manne.

Kwanza, safari iwe ya siku 6 au zaidi, na tofauti ya gharama ibebwe na mfuko wa ukoo, ili kijana wa mzazi asiye na uwezo asije akapewa mlima wa hatari zaidi kuliko mwenzake.

Pili, kila msafiri alete majibu ya kipimo cha selimundu kwa daktari wake, na majibu hayo yabaki siri yake na wazazi wake.

Tatu, dalili za hatari ziandikwe na kila mmoja azijue: kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu ni amri ya kutopanda zaidi, kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hali umeketi ni amri ya kushuka mara moja, hata kama ni usiku.

Nne, kiongozi wa msafara akisema "shuka", kijana ashuke, na asiwepo mtu wa ukoo huu, hapa wala Marangu, atakayemtania kwa kutofika kileleni. Nalitilia mkazo azimio hili, kwa sababu naogopa kwamba watoto wetu wataogopa maneno yetu kuliko watakavyoogopa mlima.

Vijana wangu, mtakapofika mtasikia waongozaji wakiwaambia "pole pole" tangu langoni. Msidhani ni maneno ya kuwafurahisha watalii. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na waliyasema kabla hakuna aliyepima kotisoli. Nendeni mkauone mlima wa babu zenu. Mkifika Uhuru tutashangilia. Mkiishia Horombo mtakuwa mmekwisha kulala mita 1,000 juu ya kilele cha Texas yote, nasi tutashangilia vile vile.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.